Daktari Aliyeniuliza Habari za Hedhi

Nilipokuwa na miaka 16 nilikuwa mkimbiaji wa kutegemewa wa mita 1,500, na katika timu yetu wepesi wa mwili ulisifiwa kuliko hata kasi yenyewe. Kocha alikuwa na mizani aliyoiweka pembeni mwa uwanja. Kila Jumatatu wasichana tulipanga mstari, tukavua viatu, naye akasoma namba kwa sauti huku akiandika daftarini. Aliyeongezeka hata nusu kilo aliongezewa mizunguko; aliyepungua alipigiwa makofi. Wavulana hawakupimwa, wala hakuna aliyeuliza kwa nini.

Basi kila mmoja akawa na mbinu zake za kujipunguza. Wapo waliokuwa hawagusi maji tangu Jumapili mchana, jambo ambalo halitoi mafuta hata chembe, linamkausha mtu tu na kumwachia kizunguzungu. Mimi nilikula nusu ya nilichopakuliwa, na chakula cha usiku nikawa nakikwepa kwa kisingizio cha kusoma. Nikakonda, na kweli nikaanza kukimbia kwa kasi zaidi. Hapo ndipo penye mtego, maana mwanzoni mwili hukubali, hukupa unachotaka na kunyamaza.

Kisha siku zangu zikaanza kuchelewa, na baadaye zikakatika kabisa. Nilipomnong'oneza dada mmoja wa timu alicheka. "Si bahati hiyo? Mimi sijaona tangu muhula uliopita. Ujue mazoezi yamekukolea." Tuliamini hivyo sote. Nywele zilikuwa zikibaki kwenye kitana, usingizi wa shida, na wenzangu darasani wakijipepea kwa joto mimi nilikuwa ndani ya sweta. Mama, kwa upande wake, alikuwa akiwaambia shangazi zangu kwenye simu kwamba siku hizi nimependeza.

Maumivu yalianzia kwenye muundi wa mguu wa kushoto, mahali padogo pa kufunikwa na kidole gumba. Nikipumzika yanapoa, nikikimbia yanarudi. Kocha akasema ni misuli tu, nami nikajikaza kisabuni mpaka siku moja, katikati ya mazoezi, mguu ukakataa kukanyaga. Wenzangu walinibeba hadi kivulini.

Daktari aliyetupokea alikuwa mama wa makamo, mtu wa maneno machache. Alipitisha kidole chake juu ya mfupa polepole, kutoka gotini kushuka, na alipofika pale penyewe niliruka kitandani. Akaniambia nisimame na kurukaruka kwa mguu ule mmoja. Sikuweza hata mara moja. Eksirei ilipokuja ilikuwa safi, na mama akashusha pumzi. Daktari hakushusha yake. Alisema ufa mdogo wa namna hii mara nyingi hauonekani kwenye eksirei katika wiki za mwanzo (kipimo cha MRI kilikuja kuuonyesha baadaye, mstari mwembamba kabisa). Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia kwa mtu aliyekuja na mguu:

"Mwanangu, mara ya mwisho uliona siku zako lini?"

Nikamtazama mama, mama akanitazama mimi. Daktari akamwomba mama, kwa heshima, atusubiri nje kidogo.

Tulipobaki wawili hakuniuliza kama nakula vizuri, swali ambalo kila msichana anajua kulijibu. Aliniuliza jana nilikula nini tangu nilipoamka. Nilihesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na vidole vikabaki. Akauliza kama huwa najitapisha. Nilisema hapana, na ilikuwa kweli, ila nilimfikiria mwenzetu mmoja ambaye kila baada ya kula alikuwa na safari ya chooni. Nimekuja kusoma baadaye utafiti uliochapishwa mwaka 1999 juu ya vijana wa jimbo la Victoria, Australia: wasichana waliojinyima chakula vikali walikuwa na uwezekano mara 18 zaidi wa kupata ugonjwa wa ulaji (maradhi ya akili yanayovuruga namna mtu anavyokula) kuliko wasiojinyima. Sisi tulikuwa timu nzima ya wanaojinyima, tena kwa amri.

Alinieleza hivi. Ubongo ukiona chakula kinachoingia hakitoshi kazi inayofanyika, unakata matumizi, na uzazi ni kati ya mambo ya mwanzo kukatwa, kwa sababu mtu anaweza kuishi leo bila huo. Homoni ya estrojeni inashuka, hedhi inakoma. Lakini estrojeni hiyohiyo ndiyo inayolinda mifupa, na ikipungua mfupa unamomonyoka kuliko unavyojengwa. Takriban nusu ya mfupa tutakaokuwa nao ukubwani hujengwa katika miaka ya balehe, akasema, na ukipita wakati huo kuufidia ni kazi ngumu.

Nikamuuliza kilichokuwa kinanisumbua kuliko mguu: nyonga na mapaja yangu yaliyokuwa yananenepa kabla sijaanza kujinyima. Kwa mara ya kwanza alitabasamu. "Huko siyo kunenepa, ni kukua. Anayetaka ubaki na kilo za miaka 13 anataka usikue."

Nilitaka dawa ya kurudisha hedhi, nikijua zipo. Akakataa. Alisema vidonge vya homoni vingeleta damu bila kuponya mfupa, tukadanganyika wote. Niliandikiwa magongo, kupumzika wiki kadhaa, na kula milo mitatu kamili pamoja na vya katikati, bila kupanda mizani yoyote isipokuwa ya kwake, tena nikiwa nimeipa mgongo.

Kinachonikera hadi leo ni kwamba hayo hayakuwa siri. Tangu miaka ya 1990 madaktari wa michezo walikuwa wakionya kuhusu mambo matatu yanayofuatana kwa mwanamichezo wa kike: kula kusikotosha, hedhi kukatika na mifupa kudhoofika. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililipanua jambo hilo, ikaeleza kwamba hata wanaume hupatwa, na kwamba moyo na kinga ya mwili navyo huumia.

Mama aliipeleka barua ya daktari kwa mkuu wa shule yeye mwenyewe. Kocha alijitetea kwamba mabingwa wote ni wepesi. "Bingwa wako huyu hapa, mwalimu," mama akamjibu akinionyesha kidole, "hawezi kupanda ngazi." Kupimana hadharani kukakoma wiki ileile, ingawa kocha alinuna mpaka mwaka ukaisha. Siku zangu zilirudi kabla sijaruhusiwa kukimbia tena, na nilishangaa nilivyofurahia maumivu ya tumbo niliyokuwa nikiyalaani.

Yule dada aliyenicheka alinivuta pembeni siku moja, nikiwa bado na magongo, akitaka jina la daktari. Akauliza kama atamlazimisha kunenepa. Nikamwambia ataanza kwa kumuuliza jana alikula nini. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi nisubiri nile kwanza," tukacheka, na kesho yake akaenda na mama yake.