Ngoja Tufike kwa Kitukuu

Leo nimeshinda nikisoma habari za epijenetiki, elimu ya alama zinazowasha na kuzima jeni bila kubadili mpangilio wa DNA yenyewe, na ya kama alama hizo hurithiwa. Kilichonichosha si istilahi zake. Ni hesabu ya vizazi.

Mama mjamzito akipatwa na sumu, moshi au njaa, wanaoguswa ni watatu kwa mpigo: yeye, mtoto aliye tumboni, na mjukuu. Ndiyo, mjukuu, maana mtoto wa kike huumbiwa mayai yake kabla hajazaliwa. Kwa hiyo mjukuu akiwa na dosari, huwezi kusema kwa hakika kwamba ameirithi. Huenda sumu au njaa ile iligusa moja kwa moja yai alilotokana nalo. Wa kuangaliwa ni kitukuu.

Kwa panya, watafiti walifika huko. Mwaka 2005 maabara ya Michael Skinner, Marekani, iliripoti kwamba panya wajawazito waliodungwa vinklozolini, dawa ya kuua kuvu wa mimea, walizaa madume wenye mbegu pungufu, na hali hiyo ikaendelea hadi kizazi cha nne. Dozi zilikuwa kubwa mno, hilo tusilifiche.

Kwa binadamu kuna njaa ya Uholanzi ya 1944–45, wakati wa uvamizi wa Wajerumani, ambapo mgao wa chakula ulishuka chini ya kalori 1,000 kwa siku. Waliotungwa mimba katika njaa ile walipimwa miaka sitini hivi baadaye, wakakutwa na alama chache za methili, yaani vibandiko vya kemikali juu ya DNA, kwenye IGF2, jeni inayohusika na ukuaji, kuliko ndugu zao wa tumbo moja ambao njaa haikuwakuta tumboni. Miaka sitini! Lakini hao ni watoto, si vitukuu. Na alama nyingi za namna hii hufutwa mara mbili, kwanza yai likisharutubishwa, kisha seli za uzazi zinapoundwa.

Ndiyo maana hunikera mtu akitangaza kwamba machungu ya babu wa babu yamo damuni mwetu. Hunikera zaidi lawama zote zinapoangukia tumbo la mama. Mbegu za baba hutengenezwa kila siku, katikati ya sigara na kemikali za kazini. Kule Överkalix, Uswidi, chakula alichopata babu mzaa baba kabla ya kubalehe kilihusishwa na vifo vya wajukuu wa kiume. Waliochunguzwa walikuwa wachache, nakubali. Ila kliniki ya wajawazito mama huulizwa anakula nini na anavuta nini. Baba, hata akiwa ameketi pembeni, mara nyingi haulizwi kitu.