Ninavyoipima habari ya kamera za polisi kabla ya kuisambaza Lamu

Habari yoyote ya polisi kuwachunguza raia hushika moto upesi Lamu. Tangu shambulio la Mpeketoni la Juni 2014 watu wameishi na amri za kutotoka nje usiku, vizuizi njiani na operesheni za msitu wa Boni. Anayeandika kwamba kila simu inasikilizwa hahitaji ushahidi mwingi ili aaminiwe. Anayeandika kwamba kamera ni za kuwaogopesha wahalifu tu, naye hahitaji mwingi. Zote mbili nazipima kwa njia moja.

Mwanzo sigusi picha. Nachukua karatasi nikaikata habari dai moja moja. Tuseme imeandikwa: "Polisi wamefunga kamera za kutambua nyuso kila mtaa wa Lamu na wanawafuatilia wakazi usiku na mchana." Hapo pana madai matano: kamera zimefungwa, ni za polisi, zinatambua nyuso, ziko kila mtaa, kuna watu wanaofuatiliwa sasa. Mara nyingi la kwanza ni kweli, na mengine yamepanda mgongoni mwake. Ukiuliza kwa jumla "habari hii ni ya kweli?" utajibiwa "ndiyo, kamera nimeiona", na yale manne yatapita bila kuulizwa.

Kisha vitenzi, na hapa ndipo ninapokaa sana. "Imebainika", "imefichuka", "yasemekana", "inadaiwa": kila kimoja kinamficha aliyetenda. Naandika pembeni kwa kalamu: na nani? Nikimaliza habari nzima bila kuona ofisi, hati, wala mtu aliyekuwapo, dai hilo naliwekea alama ya kuuliza, hata kama linakubaliana na ninayoyaamini. Hasa linapokubaliana nayo.

Halafu naangalia wakati wa kitenzi. Taarifa ya Kiingereza ikigeuzwa kwa haraka, "huenda zikafungwa" huwa "zitafungwa", na ikipita mkono wa pili huwa "zimefungwa". Herufi chache tu, na mpango wa kwenye karatasi umekuwa nguzo iliyosimama. Kwa hiyo natafuta taarifa ya asili, naziweka sambamba, nalinganisha kitenzi kwa kitenzi. Vilevile "vyombo vya usalama": ni polisi wa kituo, DCI (idara ya upelelezi wa jinai), jeshi, askari wa kaunti, au ni mlinzi wa hoteli? Kamera iliyo juu ya mlango wa nyumba ya wageni ni ya mwenye nyumba hadi ionyeshwe kwamba polisi wanapata picha zake.

Sasa picha. Naomba aliyenitumia airudishe kama dokumenti, kwa sababu WhatsApp huondoa tarehe na mahali zilizofichwa ndani ya picha ya kawaida. Kisha naitafuta kinyumenyume kwa Google Lens na TinEye, mara tatu: nzima, iliyokatwa ikabaki kamera peke yake, na iliyogeuzwa kushoto kulia. Wapotoshaji huigeuza makusudi ili utafutaji ukwame. Kutopata kitu hakuthibitishi kwamba picha ni mpya, maana picha nyingi za mitaa yetu hazijawahi kuwekwa mahali zikaweza kutafutwa.

Kinachosaidia zaidi ni kuijua Lamu yenyewe. Vichochoro vya Langoni na Mkomani, mitaa ya mji wa kale, havipitishi gari. Nguzo ya kamera kando ya barabara pana yenye magari ya matatu si ya mji wa kale. Huenda ni Mokowe au Hindi, upande wa bara, au si kaunti hii kabisa. Picha ya gatini ina saa yake. Siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu au mwandamo, maji hujaa mwendo wa saa kumi hadi kumi na moja, hupwa mwendo wa saa nne hadi saa tano. Picha iliyoandikwa "leo saa nne asubuhi" siku ya bamvua, na maji yamefika ngazi za juu, ina uongo wa saa au wa siku. Kivuli cha adhuhuri nacho husema: kutoka katikati ya Machi hadi mwisho wa Septemba huelekea kusini, miezi mingine kaskazini. Na sare mpya ya polisi, ya buluu iliyokolea, ilitangazwa Septemba 2018, kwa hiyo askari wa kituo aliyeivaa hawezi kuwa kwenye picha ya 2014.

Nikikwama namtumia nahodha wa boti za Mokowe picha peke yake, bila maneno: "Salaam aleikum mzee, hapa ni wapi?" Simwambii habari inadai nini. Ukimwambia mtu jibu unalolitafuta, atakupa hilohilo kwa heshima.

Dai la kutambua nyuso halionekani kwa macho, lakini hesabu yake ipo. Kiwango cha kimataifa cha kamera, IEC 62676-4, katika toleo la 2014, kilitaka pikseli (nukta za picha) 250 kwa kila mita ya upana wa eneo linaloonekana ili anayetazama amtambue kwa uhakika mtu asiyemjua. Kamera yenye upana wa pikseli 1920 basi inatosha mita saba na nusu hivi. Ya pikseli 3840 inafika mita 15. Uwanja wote wa Mkunguni mbele ya Ngome haumo kwenye mita saba na nusu. Kamera inayozunguka na kuvuta karibu inaweza kumkamata mmoja vizuri, lakini wakati huo imewaacha wengine.

Kwenye sheria hila iliyozoeleka ni kuitaja sheria kana kwamba ni ushahidi wa tendo. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012 ina kifungu cha 36 kuhusu kunasa mawasiliano kwa amri ya mahakama, na 36A kiliongezwa 2014 kwa vyombo vya usalama wa taifa. Hivyo vinaonyesha mlango upo. Havionyeshi nani ameingia kwako. Upande wa pili nao husema "Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakulinda" bila kutaja kwamba sheria hiyo ina msamaha wa usalama wa taifa.

Dai likibaki zito naandika barua ya kuomba taarifa, chini ya Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu. Panapohusika uhai au uhuru wa mtu, saa 48. Naomba jambo moja dogo: kamera ngapi, nani mmiliki, picha hukaa siku ngapi. Barua pana hukataliwa kwa neno "usalama", na kukataliwa huko hakuthibitishi dai wala hakulifuti.

Ninachorudisha kwa watu ni orodha ya madai yaleyale matano, kila moja na alama yake: limethibitika, limekanushwa, halijulikani. Picha ya asili siirudishi bila kuandika juu yake kwa herufi kubwa, kwa kuwa wengi huona picha na kuruka maneno. Na habari ikionyesha uso au mlango wa mtu ikidai ni mtoa habari wa siri wa polisi, siipeleki kwenye kundi lolote hata kwa nia ya kuuliza. Naufunika uso, namtumia mtu mmoja anayeujua mtaa ule, na aliyeiposti namwambia aitoe siku hiyohiyo, kwa kuwa mwenye mlango huo analala humo na wanawe.