Siku Moja Maishani Mwangu: Mkusanyaji wa Mbegu za Kienyeji

Saa kumi na moja alfajiri huwa nimeshaamka, na kabla ya chai hulifungua kabati la mbegu nyumbani kwangu Kisumu ili nihakikishe kwamba hakuna chupa iliyotoa jasho usiku. Kazi yangu ni kuzunguka vijiji vya magharibi mwa Kenya nikitafuta mbegu za zamani za mboga na nafaka ambazo huzipati katika duka lolote la pembejeo, kuandika historia yake na kuzitunza zisife. Majirani wengi hudhani kwamba ninauza mboga.

Saa moja nilikuwa stendi nikisubiri matatu ya Luanda ijae. Kufikia saa tatu na nusu nilikuwa nimeshashuka kwenye bodaboda huko Bunyore na kuketi kwenye kigoda jikoni mwa mama mmoja aliyepita miaka 80, ambaye mimi humwita Kukhu, yaani bibi, kama wajukuu wake wanavyomwita.

Kilichonipeleka kwake ni saga, mboga ambayo Wajaluo huiita dek na watu wa Pwani huiita mgagani. Mjini saga ni saga tu, mboga chungu inayotulizwa kwa maziwa. Kwa Kukhu ziko mbili. Moja ina shina la kijani, nayo huchanua upesi na kwisha. Ya pili, ambayo alipewa na mama mkwe wake alipoolewa, ina shina la zambarau, ambalo yeye huliita jekundu, hadi kwenye vikonyo vya majani, na kwa maelezo yake huchelewa kuchanua, hivyo mtu huchuma majani yake kwa wiki nyingi. Mbegu za aina zote mbili zimetundikwa juu ya meko katika vibuyu viwili, mahali ambapo moshi huwafukuza wadudu. Alinimiminia kidogo kiganjani: punje nyeusi, ndogo kuliko kichwa cha kijiti cha kiberiti, zilizojikunja kama kombe la konokono na zenye ngozi ya kukwaruza. Nilizitazama za kibuyu hiki na za kile kwa muda mrefu nisione tofauti yoyote. Hata yeye hazitofautishi kwa macho. Anachokijua ni kibuyu.

Nilimwuliza alivuna mashina mangapi, na aliponiambia kwamba huvuna kipande kizima cha shamba nilifurahi sana, kwa sababu anayechukua mbegu za shina moja au mawili huondoka na kijisehemu tu cha ukoo wa mmea. Niliandika jina la kijiji, mwinuko, aina ya udongo, jina la mboga kwa Kinyore na namna anavyoipika, kisha nikatia vijiko viwili kutoka kila kibuyu katika bahasha mbili za kaki. Nilikata pia tawi moja la ile ya zambarau na kulilaza ndani ya gazeti liwe kielelezo. Kukhu alitaka nichukue zote.

"Kukhu, zikinifia mimi, tutazitoa wapi tena?" nilimwuliza.

"Basi ziache," alisema. "Lakini hizi za shina jekundu usizipande karibu na zile nyingine, mwanangu. Nyuki hajui mpaka."

Saa saba na dakika chache, nikirudi, matatu yetu ilisimamishwa kwenye kizuizi cha polisi. Afisa mmoja kijana alifungua mkoba wangu, akafunua lile gazeti, akaona jani lenye vidole vitano.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni saga, Afande."

"Saga gani inafichwa kwenye gazeti?"

Niliteremshwa, na matatu ikaondoka na nauli yangu. Nilisimama juani nikieleza kwamba jani la bangi lina meno ukingoni kama msumeno, lakini hili ukingo wake ni laini, na ukiligusa lina unato. Kwamba mbegu ya bangi ni kubwa mara kadhaa kuliko hii, tena ni nyororo na yenye madoa. Aliposhindwa na hilo la bangi alirukia lingine: nina kibali gani cha kutembea na mbegu zisizosajiliwa? Nilimweleza kwamba sheria ya mbegu ilikuwa na adhabu ya hadi miaka 2 gerezani au faini ya hadi shilingi milioni 1, lakini Novemba 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu vilivyowazuia wakulima kuhifadhi, kubadilishana na kuuza mbegu zao za kienyeji vinakiuka Katiba; na kwamba Katiba yenyewe, katika kifungu cha 11, inalitaka Bunge lilinde mbegu za kiasili. Alinisikiliza huku akichana bahasha ya kwanza, akaimwaga juu ya gazeti. Nilipaza sauti nikimsihi aiache ya pili. Aliimwaga palepale, juu ya zile za kwanza, akazivuruga kwa kidole kuona kama kuna kitu kilichofichwa.

Sijui nilisimama pale saa ngapi. Hatimaye alifika mwenzake mzaliwa wa Kisii, akalinusa lile tawi mara moja tu. "Hiyo ni chinsaga. Mwachilie mama aende."

Niliingia nyumbani jua likiwa limeshashuka, miguu ikiniuma hadi kwenye nyonga. Hata hivyo kulikuwa na wimbi la kupima: nilitia kiganja kimoja ndani ya chupa yenye chumvi kavu, nikatikisa, na chumvi iliponata kwenye kioo nikajua bado lina unyevu, nikalirudisha kivulini likauke. Kati ya mbegu 100 za mrenda nilizozilaza kwenye kitambaa chenye maji, 63 zilikuwa zimeota. Kisha nikaketi na kulifungua lile gazeti. Benki ya jeni iliyoko Muguga, iliyoanzishwa mwaka wa 1988, huhifadhi mbegu katika baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, lakini rundo hili singeweza kulipeleka huko wala popote, kwa kuwa sikuwa na jina la kuliandikia. Ningelipanda ili mashina yanionyeshe rangi, lakini nyuki wangekuja kuchanganya chavua za aina hizo mbili kabla sijamaliza kuchagua.

Nilimpigia Kukhu. Mjukuu wake alimpelekea simu jikoni.

"Kijiko kimoja tu cha ile nyekundu, Kukhu. Nisamehe."

"Kibuyu kiko palepale," alisema. "Njoo Alhamisi, na safari hii beba chupa zenye vifuniko."