Kifundo Kisichouma

"Hakiumi, mama." Ndilo jibu la mwanangu kila nikimgusa kifundo cha mguu wa kulia. Ana miaka 9, ana hemofilia A kali, ugonjwa wa kuzaliwa ambao damu haigandi vizuri, na kwa muda mrefu jibu hilo ndilo lililonipa usingizi. Hata eksirei ya mwaka jana ilitoka safi.

Mwezi uliopita tukapanda basi la alfajiri kutoka Tanga kwenda kliniki Dar. Daktari akasema safari hii hasubiri mtoto alalamike. Atapima viungo sita kwa altrasaundi: viwiko, magoti na vifundo vya miguu, kulia na kushoto, maana ndivyo vinavyovujia damu zaidi kwa watoto wetu.

Mimi ni fundi cherehani, macho yangu yamezoea vitu vyembamba. Daktari akampaka jeli, mtoto akashtuka kwa ubaridi. Akaanza na mguu wa kushoto, ule mzima, kwa sababu gegedu ya mtoto ni nene kuliko ya mtu mzima na alitaka apate cha kulinganisha. Kwenye kioo mfupa ulionekana kama mstari mweupe uliopinda, na juu yake ukanda mweusi wenye upana mmoja mwanzo hadi mwisho, kama umeshonwa na mkono uliotulia. "Hiyo nyeusi ndiyo gegedu, mama. Ndiyo inayozuia mifupa isisagane."

Akahamia kulia. Sikusubiri kuambiwa. Sehemu moja ukanda ulikuwa umelika, ukingo umechakaa kama pindo la suruali inayoburuzwa chini. Pembeni yake utando wa ndani ya kiungo ulikuwa umenenepa. Akabonyeza kitufe, vidoa vyekundu vikawaka kwenye ule utando: damu ikipita kwenye vijishipa vilivyoota humo.

Alinieleza hivi. Damu ikivuja ndani ya kiungo inaacha madini ya chuma. Utando unajitahidi kuyasafisha, ukizidiwa unavimba na kuota vijishipa dhaifu, navyo vinapasuka kirahisi, damu inavuja tena. Mara nyingine ni kidogo sana hata mtoto hasikii kitu. Eksirei haionyeshi utando wala gegedu, inaonyesha mfupa, na mfupa ukishaanza kuharibika umeshachelewa. MRI, kipimo cha picha kwa sumaku, inaona hadi katikati ya kiungo ambako altrasaundi haifiki, lakini ni ghali, na mtoto mdogo mara nyingi lazima apewe dawa ya usingizi ili atulie.

Kipimo chenyewe kinafuata utaratibu uitwao HEAD-US, uliobuniwa na Profesa Carlo Martinoli wa Genoa, Italia, na wenzake, ukachapishwa 2013. Kila kiungo kinapewa alama kuanzia 0, yaani kizima, hadi 8: utando 2, gegedu 4, mfupa 2. Kifundo cha mwanangu kilipata 2. Utando 1, gegedu 1, mfupa 0.

Nilibaki nakitazama kile kifundo. Alipokuwa na miaka 6 kilivimba, tukaenda kituo kimoja cha afya, tukaandikiwa dawa ya kuchua. Nilimchua kwa mikono yangu hii usiku mara tatu, naye analia, kumbe damu ilikuwa inavuja ndani. Mzazi mwenzangu, kiungo cha mtoto wa hemofilia kikivimba usikichue. Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, apumzike, wahi fakta, ile sindano ya kugandisha damu.

Sasa anachomwa fakta namba 8 mara mbili kwa wiki badala ya moja, ya msaada kutoka Shirikisho la Hemofilia Duniani. Fizio, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, amempa mazoezi ya kusimama kwa mguu mmoja. Mpira umesimama kwanza, Jumamosi nampeleka Raskazone akaogelee.

Siku ile kabla hatujatoka kliniki, mwanangu alimuuliza daktari kama ule ukanda mweusi utaota tena.

"Gegedu ikishalika hairudi, baba. Lakini utando unaweza kunywea, na gegedu iliyobaki tutailinda."

Akanyamaza kidogo, kisha akaomba aonyeshwe tena mguu wa kushoto. Daktari akampaka jeli upya, akamwachia ashike kile kidude mwenyewe.

Tunarudi baada ya miezi sita. Nimeomba waanze na kulia.