Mita 100 za QWOP: Nimefika, Ila kwa Goti

Kwenye QWOP, gemu ya kompyuta ya mbio za mita 100, anayekuambia "bonyeza haraka haraka tu, utazoea" hajawahi kuvuka mita 5. Nilimsikiliza, mkimbiaji akaanguka chali na ubao ukasoma chini ya sifuri, maana gemu hii hupima hata ukirudi nyuma.

QWOP, aliyoitengeneza Bennett Foddy mwaka 2008, ina vitufe vinne. Q hupeleka paja la kulia mbele na la kushoto nyuma, W hugeuza. O na P hufanya vivyo hivyo kwa vigimbi. Kitufe cha kukimbia hakuna, na utamu wake uko hapo hapo: jambo analolimudu mtoto wa miaka miwili linakutoa jasho.

Hatua ya kawaida ni W na O pamoja, uachie, kisha Q na P. Usibadilishe mapema. Subiri mguu wa mbele ukanyage na kiwiliwili kiupite. Ukibadilisha akiwa bado hewani, atalala nyuma. Ukichelewa, anakula lami kwa uso. Kwa mtindo huo nilifika mita 14, siku ya bahati kama 20.

Kisha nikagundua kwamba goti likigusa chini huhesabiwi kuwa umeanguka. Mchezo unakwisha sehemu ya juu ya mwili ikigusa. Basi nikashikilia W mpaka miguu ikapanuka, goti la kulia likatua. Hapo sahau O na P. Gonga Q kidogo sana, rudi W, tena Q. Kila ukigonga mara moja unapata sentimita chache. Mgongo ukianza kulala nyuma, achia vitufe vyote, hesabu moja, mbili, ndipo uendelee. Mwendo wa kilema, lakini haanguki.

(Vitufe visiposikia, bofya kwanza ndani ya dirisha la gemu. Ukurasa wa zamani ukigoma kabisa, unatumia Flash, programu ya zamani ya kuendeshea gemu kwenye kivinjari, iliyozuiwa Januari 2021. Tafuta toleo la HTML5, linalofunguka kwenye kivinjari bila Flash. Kompyuta ikikwamakwama, funga vichupo vingine.)

Mita 50 kuna kiunzi. Wanaokimbia wima hukiruka, au hujaribu. Wa goti hana cha kuruka: nilikisukuma kwa mguu wa mbele kikalala, nikakiburuza. Kikinasa usigonge kwa nguvu, punguza tu. Dakika kumi hivi baadaye nikavuka mita 100, kiunzi bado kiko mbele yangu.