Chupa zangu na jua la Kayenze

Jirani yangu hapa Kayenze, mkoani Mwanza kando ya Ziwa Victoria, mzee asiyekosa jibu, aliniambia nisihangaike na chupa chakavu. "Jua la ziwani linakula plastiki, mwanangu. Ziache tu." Nikaziacha. Nimekoma.

Makopo yenyewe, kama mia hivi, niliyachukua kwa waokotaji wa Kirumba kwa hela ya soda. Nikayakata vitako, nikatoboa vifuniko kwa msumari wa moto, nikayachomeka kichwa chini kwenye mashina ya nyanya yadondoshe maji mizizini. Kiangazi cha kwanza nilitembea kifua mbele kama bwana shamba. Cha pili, nashika chupa nijaze maji, ikapasukia kiganjani kama ganda la yai. Ya pili hivyo hivyo. Nikafukua. Shingo iliyokuwa udongoni ilikuwa angavu, ukiibonyeza inarudi. Sehemu ya juu imefifia, ina umanjano na nyufa nyembamba kama unywele. Chupa moja, umri mmoja!

Nikasema ni joto. Lakini chupa nilizotupia darini, chini ya bati linalochoma kama tanuri, zilikuwa nzima. Binti yangu wa kidato cha nne akanicheka: si joto baba, ni miale ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, inakata ile minyororo mirefu ya molekuli inayoipa plastiki unyumbufu. Na sisi tuko karibu na ikweta, mita 1,100 na ushee juu ya usawa wa bahari. Jua halituonei haya.

Basi nikajiona mjanja, nikazifunika chupa mpya kwa viroba vya sembe. Ndani ya miezi michache viroba ndivyo vilivyoanza kumeguka, nyuzi nyeupe zikatapakaa kwenye nyanya kama manyoya ya kuku. Kumbe kiroba nacho ni plastiki, tena dhaifu kuliko chupa! Mke wangu hadi leo ananiita Bwana Kiroba.

Kilichonifaa ni masizi ya sufuria. Nilikoroga na rangi ya mafuta iliyobaki ya mlango, nikapaka upande wa juu tu. Matangi meusi ya maji nayo hulindwa hivyo, kaboni, weusi ule ule wa masizi, inazuia miale. Maji hupata moto, kwa hiyo najaza jioni. Huu mwaka wa tatu, hakuna iliyopasuka.

Zile za kwanza jua halikuzila, liliziponda tu. Kila Septemba nachekecha udongo wa matuta kwa chekeche la mchanga, niwahi vuli isisombe vipande kwenda ziwani. Juzi mzee kanikuta nimeinama. "Unatafuta nini tena?"

"Ile plastiki iliyoliwa, mzee."