Skrubu za mgongo kwa wazee: ninavyouandaa mfupa kwanza

Nilipokuwa najifunza upasuaji wa mgongo niliambiwa: "Mfunge skrubu kwanza, mambo ya mifupa kudhoofika atayamaliza kliniki." Ushauri ule unaniudhi mpaka leo, kwa sababu niliufuata. Mama wa miaka sabini na ushee, skrubu sita, picha ya siku ya pili safi kabisa. Miezi minne baadaye alirudi hawezi kujigeuza kitandani. Kwenye eksirei, skrubu ya S1, pingili ya juu ya mfupa wa nyonga ulio chini ya kiuno, ilikuwa imezungukwa na utepe mweusi unaozidi milimita moja, kama shimo la nguzo ya ua iliyotikiswa wakati wa mvua. Vipimo vya maambukizi vilikuwa safi. Tulipomfungua tena, skrubu ilitoka kwa vidole viwili, bila bisibisi. Chuma kilikuwa kizima. Mfupa ndio ulioshindwa.

Siku hizi sipangi tarehe kabla ya kuujua mfupa wa mzee. Anayepooza miguu au aliyeshindwa kuzuia mkojo hasubiri, huyo anaingia leo leo.

Wengi hudhani bila DEXA, kipimo cha eksirei cha uzito wa mfupa, hakuna la kufanya. Mashine hizo ni chache, tena mgongo wa mzee huzidanganya: vichomozo vya mfupa vilivyoota pembeni navyo huhesabiwa, namba ikapanda. Mimi natumia CT ileile aliyopigwa kwa ajili ya upasuaji, ile isiyo na dawa ya mshipani. Naitafuta L1, pingili ya kwanza ya kiuno, kwenye mikato ya mlalo, nachora duara katikati ya pingili, ndani ya ile sehemu ya sifongo tu, nikilikwepa ganda gumu la nje na tundu la mshipa lililo nyuma. Napima juu, kati na chini, nachukua wastani. Namba ya Hounsfield, yaani kipimo cha CT cha ugumu wa mfupa, ikizidi 160, natulia. Ikiwa chini ya 110, namhesabu ana osteoporosisi (udhaifu wa mifupa) hata DEXA ikisema vingine. Pingili iliyobonyea siipimi, maana mfupa ulioshindiliwa huonekana mgumu. Nahamia ya jirani. Na kabla ya kuandika dawa yoyote nahakikisha si saratani wala kifua kikuu cha mgongo.

Kalsiamu peke yake haishiki skrubu. Naanza na vitamini D mpaka ifike nanogramu 30 kwa mililita, ndipo naingia kwenye dawa yenyewe. Chaguo langu la kwanza ni teriparataidi, kwa kuwa inajenga mfupa mpya: mikrogramu 20 kila siku, chini ya ngozi ya paja au tumbo, kuanzia miezi miwili au mitatu kabla ya upasuaji na angalau sita baada yake. Kule Japani ililinganishwa na risedronati, dawa inayozuia mfupa kuliwa, kwa wanawake waliokoma hedhi, na skrubu zilizolegea zilikuwa chache zaidi upande wa teriparataidi. Bei yake inauma, hilo nalisema mapema, mbele ya watoto wa mgonjwa.

Kalamu moja ya sindano ya teriparataidi ina dozi 28. Ikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na barafu, ikiganda, itupwe. Sindano itolewe kila baada ya kuchoma, ikiachwa huingiza mapovu. Naandika tarehe ya kuanza kwenye plasta na kuibandika kwenye kalamu. Siku za mwanzo mgonjwa achome akiwa amekaa, presha inaweza kushuka ghafla. Aliyewahi kupigwa mionzi ya saratani kwenye mifupa, au mwenye kalsiamu nyingi kwenye damu, simpi.

Asiyeimudu namwekea dripu ya zoledronati, nayo huzuia mfupa kuliwa, miligramu 5 mara moja kwa mwaka, isiyopungua dakika 15. Uwezo wa figo kuchuja ukiwa chini ya mililita 35 kwa dakika, hapana. Vitamini D ikiwa chini, kalsiamu inaweza kuporomoka na vidole vikaanza kukakamaa. Homa ya siku mbili tatu ni kawaida, parasetamoli inatosha.

Mtego mkubwa ni denosumabu, sindano nyingine ya kuzuia mfupa kuliwa, miligramu 60 kila miezi sita. Mgonjwa akiona mgongo umepona huacha, na pingili zinaweza kuvunjika kadhaa kwa mpigo. Ikiachwa, lazima nyingine ichukue nafasi yake. Teriparataidi nayo ikiisha, naendelea na vidonge vya alendronati, miligramu 70 kwa wiki: tumbo tupu, glasi nzima ya maji, asilale kwa nusu saa.

Kwenye chumba cha upasuaji, njia ya skrubu naichonga nyembamba kuliko skrubu kwa milimita moja, na skrubu ikishaingia sirudishi nyuma hata robo mzunguko. Simenti ya mfupa naitia mililita moja na nusu hadi mbili kwa skrubu, ikiwa nzito kama dawa ya meno, huku naitazama kwenye eksirei. Ikiwa nyepesi hukimbilia mishipani, na kutoka hapo mapafuni.

Picha narudia mwezi wa 3, wa 6 na wa 12, na kila mara nailinganisha na ile ya kwanza, nikianzia S1.